Deli kwanza, hotipoti baadaye: mwongozo wa kununua vyombo vya chakula cha matembezi

Desemba ikiingia, shule zikafungwa, kaskazi ikaanza kuvuma na jua la Dar likashika kisogoni, kila nyumba yenye watoto inaulizwa swali moja: "Baharini tunaenda lini?" Ukishalijibu hilo, linabaki la kwako mwenyewe, la kimya kimya: tutakula nini huko, na kitafika kikiwa kizima?

Kwenye ukoo niliooleka mimi ndiye mbeba chakula. Hakuna aliyenichagua. Nilikuta mawifi wanne wanaopenda kula na hakuna hata mmoja anayependa kubeba. Nimeshapeleka watu Kigamboni, Bagamoyo, Mbudya na msitu wa Pugu, safari nyingine watu sita, nyingine kumi na wanne, mara kwa daladala, mara kwa gari la kuazima. Katika hangaika hiyo nimenunua karibu kila chombo kinachouzwa Kariakoo kwa kazi ya kubebea chakula. Vingine nilivihitaji, vingine niliviona kwa jirani nikashikwa na wivu. Nimevipanga hapa kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza kama leo ningeanza upya bila hata kijiko.

Kipimo changu ni saa saba mchana

Dukani kila chombo kinang'aa. Saa kumi na mbili asubuhi jikoni kila chombo kinafanya kazi. Mimi nakiuliza chombo swali moja tu: saa saba mchana utakuwaje, baada ya foleni ya Tegeta, baada ya kukaa kwenye buti la gari, baada ya watoto kukufungua mara ishirini?

Sababu yake si ya urembo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi joto 5 na cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Katikati ya hapo ndipo vijidudu vinapozaana, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa hivyo hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Januari yetu ina nyuzi 31 au 32 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa madirisha ni tanuri. Kwa hiyo chombo kinachoweka chakula "vuguvugu" hakikusaidii. Vuguvugu ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu unafarijika kwamba bado kina joto, na vijidudu vinafarijika pamoja na wewe.

Hili nilijifunza Bagamoyo. Tulikuwa tunaenda kuwaonyesha watoto magofu ya Kaole, ule msikiti wa kale na makaburi. Nikaamka alfajiri nikapika wali wa nazi, nikauacha upoe kidogo ili usitoe jasho, kisha nikaupakia kwenye hotipoti yangu kubwa kuliko zote, ukafika nusu. Makosa mawili kwa mpigo, na wakati ule sikujua hata moja. Saa saba na nusu, chini ya mbuyu, nikafungua. Harufu ilitangulia. Nilipochota, mwiko ukanyanyuka na nyuzi nyuzi kama bamia. Mama mkwe akaonja kwa ncha ya kidole, akafunika, akasema, "Mwanangu, watoto wape maembe." Hakuongeza neno, na bora angeongeza.

Namba moja: deli

Nazungumzia lile boksi la plastiki lenye kuta nene, lile ambalo wauza barafu na aiskrimu wanalifunga nyuma ya baiskeli. Ndilo la kwanza, na pengo kati yake na la pili ni kubwa. Baridi ni rahisi kuitunza kuliko joto: chakula cha moto kinaanza kupoa pale pale unapokipakua na huna kuni za kuongeza ndani ya chombo, lakini barafu ni akiba. Mpaka iishe kuyeyuka yote, ndani kunabaki baridi.

Ukubwa. Kwa familia ya watu watano au sita, lita 20 mpaka 30 zinatosha. Wauzaji watakusukumia la lita 50 kwa sababu tofauti ya bei inaonekana ndogo, nawe utaona umepata. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Deli la lita 50 likijaa soda, maji na barafu linakaribia mfuko wa saruji. Kwenye daladala konda atakudai nauli ya mtu wa pili, na ukienda Mbudya boti haigusi mchanga mkavu: mnashuka majini mpaka mapajani na mzigo begani. Watu wazima wawili hawapatikani kirahisi saa hiyo, kila mmoja kambeba mtoto.

Jinsi ya kulikagua dukani. Kwanza mfuniko. Chukua risiti au kipande chochote cha karatasi, kiweke ukingoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi, baridi nayo itatokea hapo hapo. Fanya hivyo pande zote nne, maana mengi yanabana mbele tu na nyuma yanapumua. Pili, bonyeza ukuta kwa dole gumba. Ukibonyea na kutoa sauti ya utupu, ndani hakuna kitu, ni plastiki mbili zilizoachana. Tatu, mpini. Mpini mmoja wa kukunja ulioshikiliwa na vipini viwili vidogo utakatika siku deli limejaa. Afadhali yenye vishikio vilivyoumbwa ubavuni. Nne, kizibo cha kutolea maji chini. Kikiwepo, hutahitaji kulipindua deli zima kumwaga maji ya barafu. Magurudumu usiyalipie. Ni ya uwanja wa ndege, mchangani yanazama.

Deli likishakuwa lako, usinunue barafu za vipande vidogo. Gandisha maji ya kunywa kwenye chupa za lita moja na nusu, chupa nne au tano, siku mbili kabla. Usizijaze mpaka juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja ya kumi. Pande kubwa la barafu linayeyuka polepole kuliko chenga, halilowanishi chakula, na likiyeyuka unalinywa. Kama friji yako haigandishi vizuri, nunua barafu za mitaani usiku na uzipange zikiwa ndani ya vifuko vyake, au pita Feri pale soko la samaki, wavuvi wenyewe wananunua barafu hapo. Theluthi moja ya deli iwe barafu. Na barafu ikae juu, chakula chini, kwa sababu baridi inashuka.

Jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: deli lililolala jikoni usiku kucha lina joto la jikoni. Tia chupa moja ya barafu ndani yake tangu usiku, lifunge. Asubuhi unapakia vitu vilivyokwisha poa frijini, vitu vya moto usiviguse humo kabisa. Sufuria moja ya mchuzi wa moto inakula barafu ya safari nzima.

Namba mbili: boksi la foamu

Utashangaa kuliona hapa juu. Ni lile boksi jeupe, jepesi, linalosafirishiwa samaki. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na deli, na kwa kutunza baridi halijaachwa mbali, kwa sababu foamu ni hewa iliyofungiwa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto haraka. Ubaya wake ni mwili: linamong'onyoka, mfuniko unapasuka, mtoto akilikalia limekwisha. Lifunge kwa mpira au mkanda wa gundi, lizungushie khanga iliyolowa, na likae kivulini.

Nalipa namba mbili kwa sababu ya siri ya watu wa matembezi: beba maboksi mawili. Moja la vinywaji, moja la chakula. Vinywaji vinafunguliwa kila dakika tano. "Mama nataka maji." "Mama na mimi." "Mama na mimi lakini siyo hayo." Kila mara mfuniko unapofunguliwa joto linaingia. Basi, boksi la vinywaji liwe la foamu, wafungue watakavyo, na deli la chakula likae chini ya mkeka wa mtu mzima mwenye msimamo. Kwetu anakalia babu.

Namba tatu: chupa ya chai

Hii kila nyumba inayo, kwa hiyo labda huhitaji kununua. Ukinunua, chagua ya chuma ndani na nje. Zile za maua zenye kioo ndani zinatunza joto vizuri sana mpaka siku zitakapogongwa, na kwenye safari kila kitu kinagongwa. Kuipima ni rahisi: ijaze maji yanayochemka, funga, baada ya robo saa shika nje. Nje kukiwa na joto, utupu wa katikati umekwisha, usiilipie. Mwenye duka akikataa kukupa maji ya moto, mwambie unaenda duka la pili. Mara nyingi maji yanapatikana.

Matumizi yake si chai pekee. Maji ya moto ya uji wa mtoto mchanga. Supu ya kuku ya mgonjwa au bibi. Na hapo kuna ufundi mdogo: kabla ya kuweka supu, jaza chupa maji yanayochemka, iache dakika kumi, mwaga, kisha tia supu ikiwa inachemka. Chupa ikianza na baridi, inakuibia joto la mwanzo, ambalo ndilo unalolihitaji.

Vibakuli vya mfuniko

Sihitaji kusema mengi. Nunua vyenye vibanio vya pande nne na mpira wa ndani, vya mstatili, kwa sababu vya duara vinaacha mapengo ndani ya deli. Vidogo vingi kuliko kikubwa kimoja: ukifungua cha kachumbari, cha samaki kinabaki kimefungwa. Kachumbari yenyewe isichanganywe nyumbani. Kata vitunguu na nyanya, beba chumvi, pilipili na ndimu pembeni. Ukitia chumvi alfajiri, saa saba utakula maji ya nyanya.

Namba nne, wengi watanuna: hotipoti

Najua. Wengi wetu tulizawadiwa seti nzima kwenye kitchen party, tatu mpaka tano, moja ndani ya nyingine, zenye mifuniko ya dhahabu. Nyumbani ni chombo kizuri mno. Siku ya futari siwezi kuishi bila yake. Lakini kwa matembezi ya mbali ndicho chombo kinachodanganya watu kuliko vyote, na ndiyo maana nimekishusha.

Hotipoti haipiki na haipashi. Inachelewesha kupoa, basi. Ukiipa chakula cha nyuzi 90 kilichojaa mpaka shingoni, itakupa muda wa kutosha kuvuka kwa kivuko au kupita Daraja la Nyerere, kufika Kigamboni, kutandika mkeka na kula. Ukiipa wali ulioupoza, nusu chombo, juu yake hewa tupu, itakufanyia kama ilivyonifanyia Kaole: itautunza kwenye joto la vijidudu, kwa uaminifu, saa baada ya saa.

Na wali ni mjanja kuliko unavyodhani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, na sumu moja inayotengenezwa humo haiondoki hata ukiupasha tena. Kwa hiyo ile "nitaupasha tukifika" haisaidii. Ukitia tui la nazi juu ya hapo umeharakisha mambo. Kila mpishi wa pwani anajua wali wa nazi hausubiri mtu.

Ukitaka kununua hotipoti ya safari, basi nunua moja, ndogo kuliko unavyofikiri, ijae kabisa. Chuma ndani, mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha na siyo ule wa kuweka tu juu. Ichemshe kwa maji moto dakika kumi kabla. Chakula kitoke jikoni kikiwa kinatoa moshi, na hesabu zako ziwe za saa tatu, zisizidi nne. Pilau iliyokauka vizuri inavumilia kuliko wali wa nazi. Chapati zinapendeza humo zikifungwa kwenye kitambaa safi kinachonywa jasho. Mchuzi wa nazi acha nyumbani. Kwa Kigamboni, sawa. Kwa Bagamoyo, ambako ni kama kilomita 70 na foleni haina adabu, hapana.

Begi la baridi

Yale mabegi laini yenye ngozi ya fedha ndani. Nilinunua moja kwa sababu lilikuwa na picha ya nanasi. Ukuta wake ni mwembamba na zipu inapitisha hewa, kwa hiyo barafu inakwisha mapema. Lina kazi zake: maziwa ya mtoto ya masaa machache, dawa ya mgonjwa, chakula cha shule. Kwa siku nzima juani usilitegemee. Kama unalipenda, litie chupa mbili zilizoganda na ule vya humo kwanza.

Kapu la ukili na dumu la lita tano

Hivi nimeviweka mwisho, lakini sijawahi kutoka bila hivyo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, kapu limerudi kwenye heshima yake, na kwa vyakula vikavu halina mshindani. Maandazi, bagia, katlesi, mihogo ya kukaanga: ukivifungia kwenye plastiki vikiwa vya moto vinatoa jasho, vinalegea. Viache vipoe kabisa, vifunge kwenye kitambaa, viweke kapuni, vipumue. Katlesi za nyama na sambusa ndizo za kuliwa mapema, mkifika tu. Maandazi yatasubiri mpaka jioni. Matunda pia yakae humu. Tikiti beba zima na kisu, usilikate nyumbani. Maembe ya Desemba hayahitaji chombo wala maelezo.

Dumu ni la kunawa. Toboa tundu dogo karibu na mfuniko, lining'inize tawini, weka sabuni pembeni: kibuyu chirizi. Unaweza kuwa na deli la bei kubwa kuliko yote Kariakoo, lakini kama watoto wametoka mchangani wakatia mikono kwenye bakuli la samaki, umelibeba bure. Kuna majagi ya plastiki yenye koki yanayouzwa kwa kazi hii. Koki zake zinavuja kwa miezi michache. Dumu halivuji pale usipolitoboa.

Sasa ununue nini, kwa hela uliyonayo

Kama ni kidogo: boksi la foamu, chupa za maji ulizogandisha na kapu. Mnaweza kwenda popote. Menyu iwe ya baridi na kavu: samaki wa kukaanga aliyekaushwa vizuri usiku na kulazwa frijini, viazi vya kuchemsha, mayai yenye maganda yake, maandazi, matunda, juisi ya ukwaju iliyogandishwa kwenye chupa ndogo. Ikiwa ni Coco Beach, punguza hata hiyo. Mihogo na chachandu mtavikuta huko na watoto watavitaka vile vile.

Ukiongeza kidogo, nunua deli la lita 25 na foamu ihamie kwenye vinywaji. Ukiongeza tena, chupa ya chai ya chuma. Hotipoti mpya usinunue mpaka umeshika hivyo vyote, na hata hapo angalia kwanza juu ya kabati la mama mkwe, ipo moja haijawahi kutolewa kwenye boksi lake.

Kuhusu siku ya kununua: usiende wiki ya Krismasi. Kariakoo siku hizo hakuna nafasi ya kufungua mfuniko na kuvuta karatasi, unasukumwa tu, na muuzaji naye hana muda wa kubishana bei. Nenda Novemba, asubuhi, kabla jua halijapanda. Ukiambiwa bei, mwambie muuzaji akuonyeshe na la pili la aina hiyo hiyo, mlinganishe mifuniko. Hayalingani kamwe.

Mkirudi jioni na uchovu wenu, deli lioshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya sabuni, kisha lisuguliwe kwa ndimu kama lilibeba samaki. Usilifunge. Liache wazi, mfuniko umeegemezwa kwa mwiko, lipigwe na hewa mpaka likauke. La kwangu liko nyuma ya mlango wa uani, wazi hivyo hivyo, na tangu Jumapili paka wa jirani analala ndani yake.